Megapikseli 20, 24, 45 au 108? Tulinganishe kamera kwa kazi zetu za Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho ukishaanza kulipa, vijana wengi huku kwetu, kuanzia Tandahimba na Newala mpaka Masasi, Nachingwea na Ruangwa, wanashika hela na wengi wanataka kuanza kazi ya picha, na swali la kwanza la karibu kila mtu ni lile lile: kaka nichukue kamera ya megapikseli ngapi? Naelewa kwanini wanauliza hivo, maana ndo namba iliyoandikwa kubwa kwenye boksi na kwenye tangazo, na mara nyingi ndo namba pekee ambayo muuzaji anaijua. Ila ni namba inayomaliza hela za watu bure, na hela ya korosho inakuja mara moja kwa mwaka, kwahiyo nataka tulinganishe vizuri kamera kwa kamera na kazi kwa kazi ili ukienda dukani ujue unalipia nini.

Msimamo wangu nautoa mapema. Ukishafika megapikseli 20 hivi, kwa kazi nyingi za huku hiyo namba achana nayo, angalia ukubwa wa sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, na angalia lenzi. Zipo kazi chache ambazo pikseli nyingi zinakulipa kweli na ntazitaja, kwa sababu wapo wenzetu wanazifanya na siwezi kuwaambia uongo.

Kwanza tuelewane megapikseli ni nini. Ni vidoti milioni moja, basi. Kamera ya 24 inatoa picha yenye vidoti 6000 kwa upana na 4000 kwenda juu, zidisha unapata milioni 24. Sasa watu wanaposikia 24 wanadhani ni picha kubwa mara mbili ya ile ya 12, hapana, kwa sababu vidoti vinagawanyika pande mbili. Ukitaka picha iwe na vidoti mara mbili kwa upana na mara mbili kwenda juu lazima uzidishe mara nne, yaani kutoka 12 mpaka 48. Kutoka 12 kwenda 24 upana unaongezeka kama asilimia 41 tu. Kwahiyo ile namba ya kwenye boksi siku zote inaonekana kubwa kuliko tofauti utakayoiona kwa macho.

Kamera zenyewe

Kwa mtu anayeanza, mbili zinazogongana kichwani ni hizi. Canon 2000D ilitoka 2018, ina megapikseli 24, sensa yake ni milimita 22.3 kwa 14.9, unaikuta mpya na lenzi yake ya milimita 18-55 (namba ndogo inaona pana, namba kubwa inavuta karibu) humo humo kwenye boksi. Upande wa pili kuna Canon 6D, hii ni mtumba, kamera ya 2012, megapikseli 20, lakini sensa yake ni fulu fremu, yaani kubwa kama kipande cha filamu za zamani, milimita 35.8 kwa 23.9. Bei zinaweza kukaribiana vya kutosha mpaka mtu anakosa usingizi, na wengi wanaishia kuchukua 24 kwa sababu 24 ni zaidi ya 20 na kwa sababu ni mpya, imefungwa.

Pembeni naweka na zingine mbili ili tuone ncha zote: Nikon D850 ya 2017 yenye megapikseli 45, na zile simu za megapikseli 108 ambazo watu wanazileta kwenye mabishano kila siku.

20 dhidi ya 24

6D inatoa picha ya 5472 kwa 3648. 2000D inatoa 6000 kwa 4000. Tofauti kwa upana ni vidoti 528, haifiki asilimia 10. Ukizisafisha zote kwa ubora mzuri wa vidoti 300 kwa inchi, ya 6D inafika sentimita 46 na ya 2000D inafika sentimita 51. Hiyo ndo tofauti yote, sentimita 4 na nusu kwenye picha ambayo tayari ni kubwa kuliko fremu nyingi za ukutani ninazoziona majumbani. Na hata hiyo tofauti ukirefusha kidogo ile ya 6D hakuna shangazi atakayesimama sebuleni akaigundua.

Hebu angalia mahesabu ya kile tunachosafisha kweli. Picha ya kawaida ya albamu, inchi 4 kwa 6, inataka megapikseli 2 na kidogo. A4 inataka 8.7. A3, ambayo ni fremu kubwa ya bwana na bibi harusi juu ya kochi, inataka 17.4. Kwahiyo kamera zote mbili zimevuka A3 bila kulazimisha chochote. Na kwenye kioo ndo kabisa, TV ya Full HD ina megapikseli 2 tu, ya 4K ina 8.3, Instagram picha ya kawaida upana wake ni vidoti 1080, alafu WhatsApp inaibana picha kabla hata haijafika. Wateja wetu wengi siku hizi picha wanaziangalia kwenye simu, wanaweka stetasi, wanatuma kwa ndugu Dar, wanaosafisha ni chache. Zile megapikseli ulizolipia zinakatwa njiani.

Mabango je? Hapa watu wanabisha sana, wanasema bango la mita 3 linataka kamera kubwa. Bango halisomwi kwa karibu kama albamu. Mtu yuko ng'ambo ya barabara, vidoti 50 kwa inchi vinamtosha kabisa, na mita 3 kwa vidoti 50 ni kama vidoti 5900. Yaani ile picha ya 24 inajaza bango la mita 3 na ya 20 inalikaribia sana. Sijaona bango lolote hapa mjini lililoharibika kwa sababu ya uchache wa pikseli, yaliyoharibika ni yale ambayo picha yake ilichukuliwa WhatsApp.

Usiku ukumbini, hapa ndo maisha yetu yalipo

Harusi, sendofu, kicheni pati, nyingi zinaanza saa mbili au tatu usiku, ukumbi una taa chache za kawaida na zingine zote ni za didjei, zambarau na kijani zinazozunguka. Mwanga mdogo. Hapo ndo kamera zinapoachana, na zinaachana kwa ukubwa wa sensa.

Chukulia shamba la mikorosho la ekari moja. Ukipanda kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 linaingia kama miti 28. Sasa ukasema hapana mimi nabananisha naweka 60. Jua linaloshuka juu ya lile shamba ni lile lile, halijaongezeka kwa sababu umeongeza miti, kila mti umepata kipande kidogo zaidi. Ukitaka jua zaidi ongeza shamba. Sensa ndo shamba lenyewe, pikseli ndo miti, mwanga ndo jua. Sensa ya 6D ukipiga hesabu ya eneo ni kama milimita za mraba 855, ya 2000D ni 332. Kwahiyo kwa lenzi yenye uwazi ule ule na spidi ile ile ya shata (lile pazia linalofunguka kupitisha mwanga), 6D inapokea mwanga mara mbili na nusu zaidi, na pikseli zake kila moja ina upana wa maikroni 6.5 wakati za 2000D ni 3.7.

Matokeo yake unayaona ukipandisha ISO, ile namba inayoifanya kamera iweze kupiga gizani. Kwenye 3200 picha ya 2000D inaanza kuwa na chenga, sehemu za giza zinachafuka, nywele za bibi harusi na suti nyeusi vinageuka tope moja, rangi ya ngozi inaanza kuwa ya kijivu. Ukifika 6400, ambayo ndo mwisho wake wa kawaida, mteja mwenyewe atakuuliza kuna nini. 6D kwenye 3200 iko safi, 6400 unampa mtu albamu na anafurahi. Alafu kuna kitu kingine ambacho hakina uhusiano wowote na megapikseli lakini usiku kinaamua kila kitu, fokasi. Ile pointi ya katikati ya 6D inashika kwenye giza kali sana, inasifika kwa hilo mpaka leo, wakati 2000D kwenye ukumbi wenye giza inahangaika mbele nyuma mbele nyuma na wakati huo keki imeshakatwa. Picha ya megapikseli 24 ambayo fokasi imekaa kwenye pazia haina faida kwa mtu yeyote.

Na watengenezaji wenyewe wanalijua hili. Sony walitoa A7S III mwaka 2020, kamera ya gharama kubwa kweli, wakaiwekea megapikseli 12 tu. Walikuwa na uwezo wa kuweka 60 maana tayari walikuwa wanauza ya 61. Walichagua 12 kwa sababu ile kamera ni ya video na ya gizani, na video ya 4K inahitaji 8.3 tu.

Lenzi, na hapa nitakaa kidogo

Sasa mtu ameshanunua 2000D, hela imeisha, ananiuliza afanyeje picha za usiku zitoke vizuri. Sitamwambia auze. Ile lenzi ya 18-55 ukiivuta mpaka mwisho uwazi wake unabaki f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo ndo tundu la lenzi linakuwa kubwa). Lenzi ndogo ya 50 yenye f/1.8, ambayo ndo ya bei nafuu kuliko karibu lenzi zote za Canon, inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi ya ile. Mara kumi! Kile ulichokuwa unapiga kwa ISO 6400 unashuka mpaka 640 hivi. Hakuna kuongeza megapikseli kunakoweza kukupa kitu kama hicho, hata ukiuza shamba zima.

Kwahiyo ukiniuliza 2000D yenye lenzi ya 50 f/1.8 na 6D yenye lenzi mbovu ya f/5.6 ipi itashinda kwenye sendofu, nasema 2000D, bila kusita. Uwazi wa lenzi unafunika tofauti ya sensa na kubaki. Shida yake ndogo ni kwamba kwenye 2000D lenzi ya 50 inavuta karibu, inakuwa kama ya 80, kwahiyo kwenye vyumba vidogo vya nyumba zetu wakati wa kumpamba bibi harusi utagonga mgongo ukutani, inabidi urudi kwenye ile 18 na flashi. Kwenye 6D hiyo hiyo 50 inakaa kama 50.

Angalizo ambalo wauzaji wengi hawasemi: zile lenzi za Canon zilizoandikwa EF-S, ikiwemo hiyo 18-55, haziingii kwenye 6D. Ukinunua bodi ya 6D, yaani kamera bila lenzi, kwa kutegemea lenzi ya rafiki yako mwenye 2000D utakwama. 50 f/1.8 inaingia zote mbili.

Mchana nje

Hapa tofauti inapungua mpaka karibu inapotea. Wali wakitoka unyagoni Desemba, nazungumzia sherehe ya kutoka ile ya hadharani, mambo ya ndani hayapigwi picha na mpiga picha anayejiheshimu haombi, jua kali, vumbi, watu wanacheza sindimba, kanga mpya, poda usoni. ISO 100 au 200, na hapo 2000D na 6D ukiweka picha pembeni kwa pembeni watu wengi hawatajua ipi ni ipi. Wala hawatajua ukiweka na ya megapikseli 12 ya zamani. Cha muhimu hapo ni spidi ya shata isishuke, maana kiuno cha sindimba hakimsubiri mtu, na pia kuangalia nguo nyeupe zisiungue jua likiwa utosini.

Mpira, na hapa megapikseli zinaanza kulipa

Nenda Nangwanda Sijaona au kule Ruangwa kwenye mechi ya Namungo, umesimama nyuma ya goli na lenzi yako ya 300, mchezaji yuko katikati ya uwanja. Hapo unapiga ukijua utakropu, yaani utakata pembeni ubaki na mchezaji. Na hapa ile kamera ndogo ya bei rahisi inaipiga 6D. Kwanini? Kwa sababu pikseli zake zimebanana. Kwa lenzi ile ile ya 300 na mchezaji yule yule, 2000D inamwekea vidoti kama mara 1.75 kwa urefu kuliko 6D. Ukichukua picha ya 6D ukaikropu mpaka ifanane na ile ya 2000D unabakiwa na megapikseli 7.7 tu, mwenzako ana 24 nzima. Hii ni kweli kwa ndege pia, na kwa dau lililoko mbali baharini pale Mikindani au Msimbati.

Ila nayo ina masharti, jua liwepo. Saa kumi na moja na nusu jioni jua likianza kuondoka ile faida inayeyuka kwa sababu unalazimika kupandisha ISO ili spidi isishuke. Na 2000D inapiga picha 3 kwa sekunde, ambayo kwa mpira ni ndogo sana, 6D nayo 4.5 siyo ya kujivunia. Mtu wa mpira tupu kusema kweli hapa hakuna ambayo ni yake, ila kwa bajeti hii na mechi za mchana, chukua yenye pikseli zilizobanana.

Magofu ya Kilwa

Kazi ya pili ambayo pikseli nyingi zina maana kweli ni majengo ya kale. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981, na ukisimama mbele ya ule Msikiti Mkuu au ukazunguka Husuni Kubwa unaona kila jiwe la matumbawe lina vitundu vyake, lipu ya chokaa ina nyufa zake, kuna michongo inayolika na chumvi mwaka hadi mwaka. Mtu anayepiga kwa ajili ya kumbukumbu, kwamba miaka 30 ijayo mtu alinganishe ufa ulikuwa wapi na umefika wapi, huyo 45 zinamfaa. Kamera iko kwenye stendi, ISO iko chini, jengo halikimbii, lenzi nzuri, kila pikseli inabeba taarifa. Hata Boma la Wajerumani la Mikindani ni hivo hivo.

Lakini hata huyo ana njia ya kati. Kwa sababu jengo halikimbii unaweza kupiga picha sita au nane zinazopishana kidogo kisha programu ikaziunga kuwa moja, na kutoka kwenye kamera ya 20 ukapata picha ya megapikseli 60 na zaidi. Inataka subira na stendi imara, ila inamfaa mwanafunzi ambaye hana hela ya D850.

Vinyago ni kitu kingine. Watu wanadhani kinyago cha Kimakonde kwa sababu kina michongo midogo midogo kinataka megapikseli nyingi. Mpingo ni mweusi, unameza mwanga, shida yako siyo pikseli, shida ni kwamba uso mzima wa kinyago unakuwa doa jeusi na pale ulipong'arishwa panawaka. Weka kinyago karibu na dirisha, kitambaa cheupe upande wa pili kirudishe mwanga, stendi, ISO 100, na kamera ya 12 itakutolea kila mkunjo. Unauza mtandaoni, mteja anaangalia kwenye simu, 2000D imezidi kabisa.

45 inakugharimu nini

Bei ya bodi ni mwanzo tu. Faili moja la RAW, yaani picha ghafi, la D850 linaweza kufika MB 50, la 6D ni kama nusu yake. Harusi ya picha 1500 kwenye 6D ni kama GB 37, kwenye D850 ni GB 75. Zidisha kwa harusi za msimu mzima alafu fikiria na kopi ya pili, maana lazima uwe na kopi ya pili. Memori kadi kubwa na za haraka, diski, laptopu yenye nguvu, ile laptopu yako ya sasa itakuwa inafikiria kila ukifungua picha. Na kutuma kwa mteja aliyeko mbali unatumia bando lako. Alafu pikseli zikiwa nyingi zinaonyesha na makosa yote, mkono ukitikisika kidogo inaonekana, fokasi ikiteleza kutoka kwenye jicho kwenda kwenye sikio inaonekana, lenzi ya kawaida inaonekana haina makali. Unajikuta unahitaji lenzi zingine za bei ya kamera. Mimi sioni mtu wa harusi Masasi au Lindi mjini ambaye 45 itamwongezea hata mteja mmoja ambaye 20 isingempa.

Simu za 108 na kamera ndogo za 48

Hili naliongea kwa uchungu kidogo kwa sababu watu wanaumia. Simu ya megapikseli 108 kama Galaxy S20 Ultra ya 2020 kwa kawaida haikupi picha ya 108. Inachukua pikseli 9 inaziunga kuwa moja, unapata picha ya 12. Ya 200 kama S23 Ultra inaunga 16 kuwa moja, unarudi kwenye 12 pale pale. Simu nyingi za 50 zinaunga 4 kuwa moja, unapata 12.5. Na wanafanya hivo kwa sababu nzuri, pikseli za simu ni ndogo mno, moja moja hazishiki mwanga wa maana, zikiungana zinasaidiana. Unaweza kulazimisha 108 kwenye mipangilio na mchana wa jua utapata kitu, ndani ya nyumba utapata faili kubwa na chenga. Simu ni nzuri, mimi sizidharau, programu zake za usiku zinafanya mambo makubwa kwa kitu kilichosimama, ila usinunue ukiamini 108 ni mara tano ya 6D.

Kibaya zaidi ni zile kamera ndogo za bei ya chini zinazouzwa mtandaoni zimeandikwa 48 au 64. Nyingi sensa yake ndani haina hizo pikseli, kompyuta yake inabuni vidoti vya katikati ili namba ifike. Hata zile za kweli za mfukoni za 20 zenye sensa ndogo ya 1/2.3, eneo lake ni kama milimita za mraba 28. Linganisha na 855 za 6D. Megapikseli sawa, sensa mara 30. Hapo ndo utaona kwanini namba peke yake haikwambii kitu.

Kabla hujatoa hela

6D ni mtumba, kwahiyo ina mambo yake. Canon waliikadiria shata yake kwa mara 100,000, hivyo uliza imepiga ngapi, na ikiwa imeshapita huko bei ishuke au uiache. Sisi tuko pwani, unyevu na chumvi ya bahari vinaleta kuvu kwenye lenzi, washa tochi ya simu uimulike lenzi upande mmoja uangalie upande wa pili, ukiona nyuzi nyuzi kama za buibui usinunue hata ukipunguziwa. Angalia betri inakaa na chaji, angalia sehemu ya kadi. 2000D mpya huna hizo kazi, na kwa mtu anayekaa Liwale au Nanyumbu ambako fundi wa kamera ni safari, upya wake ni sababu halali kabisa ya kuichagua, siyo zile megapikseli 4 za ziada.

Video zote mbili zinatoa Full HD, hakuna ya 4K, hapo hazina cha kushindania.

Kwahiyo mimi ningefanya hivi. Kazi yako kubwa ni harusi na sherehe za usiku na una mtu wa kukusaidia kukagua mtumba, chukua 6D na lenzi ya 50 f/1.8, lenzi pana na flashi utaongeza msimu unaofuata. Unaanza kabisa, unapiga mchana, shule, mahafali, paspoti, mpira, sherehe za nje, chukua 2000D lakini ubakize hela ya hiyo hiyo lenzi ya 50. Ukiwa na 2000D tayari na unafikiria kuibadilisha kwa ajili ya megapikseli, usiibadilishe, nunua lenzi na flashi. 45 mwachie mtu wa magofu au mwenye wateja wanaosafisha picha za kujaza ukuta.

Na ukienda dukani nenda na memori kadi yako. Omba uweke ISO 3200, piga kitu cheusi kilichoko kwenye kona yenye kivuli humo humo dukani, fanya hivo kwa kila kamera unayoifikiria, alafu kaziangalie kwenye laptopu ukiwa umezikuza kwa kiwango kimoja. Wakati huo huo muulize muuzaji lenzi ya 50 anaiuza bei gani, kabla hela yote haijaishia kwenye bodi.